Mistari Minne ya Kijani

Kioo cha getini kilikikataa kidole chake mara tatu, kama kawaida yake.

"Mzee Mabeshi, hicho kidole gumba ulikitoa wapi?" Kuzenza mlinzi alicheka bila kuinuka kitini. "Hakina hata mchirizi mmoja. Kama kijiko!"

"Kilisugua mipira ya baiskeli ya baba yako, ndiyo maana ukafika shule."

"Basi, mzee wangu, tusigombane asubuhi."

"Sigombani na wewe. Wewe unalinda mlango tu. Wabaya wako huko ndani, wanakunywa chai."

Mara ya nne kioo kilikubali. Mabeshi Lugata akaingia Ghala Kuu akiwa amevaa kofia yake ya pama, na mfukoni akiwa na kifuko cha nailoni alichopewa Juni ya mwaka jana.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi pancha kwenye maegesho ya malori ya Isaka. Kisha malori yakaja bila madereva, na matairi yakaja bila upepo, na siku moja akajikuta amekaa na karai lake la maji kutwa nzima bila mtu hata wa kumsalimia. Ndipo jina lake lilipookotwa kwenye bahati nasibu ya mashahidi. Sheria ilikuwa imetoka: Ghala Kuu ndilo limeshika kila kitu cha nchi hii, vizazi na vifo, hati za mashamba, matokeo ya watoto, mapigo ya mioyo ya wagonjwa, kwa hiyo hakuna badiliko litakaloingia kwenye kiini chake mpaka raia mmoja asiye mhandisi asomewe, aelewe, aweke kidole. Na msimbo wote, yale maagizo yanayoendesha mitambo, uandikwe kwa Kiswahili, ili huyo raia asikie kinachosomwa.

Sheria nzuri kabisa. Wakubwa waliizunguka ndani ya mwaka mmoja. Walianza kuwasomea mashahidi majina peke yake.

*

Siku hiyo msomaji alikuwa Atuganile, mhandisi wa miaka ishirini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mko wangapi leo?"

"Niko peke yangu. Ni kiraka kimoja tu, ila kirefu. Kupanga upya majina ya sehemu ya mafaili. Majina sitini na moja." Akakohoa. "Ghala limefungua mdomo kupokea mabadiliko mpaka saa sita kamili. Baada ya hapo ni mpaka Agosti."

"Najua. Soma."

Akasoma. *Hesabu_kurasa* inakuwa *idadi_kurasa*. *Tafuta_faili* inakuwa *pata_faili*. *Funga_mlango* inakuwa *zuia_njia*. Ukutani mistari ilikuwa inapanda taratibu, yote ya njano. Mabeshi alisoma mpaka darasa la nne, na hata hilo la nne alilimaliza kwa msaada wa fimbo, lakini rangi alizijua. Njano ni jina limebadilika. Kijani ni kazi imebadilika. Walimfundisha hivyo siku ya kiapo, na ni moja ya mambo machache waliyomfundisha kwa ukweli.

"*Tunza_nafasi* inakuwa *simamia_nafasi*," Atuganile alisoma, na sauti yake ikaharakisha kidogo. "*Panga_foleni* inakuwa..."

"Rudi."

"Babu?"

"Rudisha ukuta. Hapo. Hiyo mistari ya kijani ni nini?"

Ilikuwa minne. Minne tu katikati ya bahari ya njano, imekaa chini ya *tunza_nafasi* kama wageni waliopenya msibani.

"Ni marekebisho madogo."

"Umeniambia ni majina. Mimi sikusoma, mwanangu, lakini sijapofuka. Hii mistari inafanya nini ambacho jana kilikuwa hakifanyiki?"

Atuganile alitazama mlango. Kisha akatazama kioo kidogo cha meza, palipoandikwa saa: tatu na dakika hamsini.

"Nipe kofia yako, babu."

"Kofia ya nini?"

"Nikueleze vizuri. Shika upande huu. Mimi nashika huu. Kofia ina mikono mingapi?"

"Miwili."

"Kila ukurasa humu Ghalani una hesabu kama hiyo, ya mikono inayoushika. Zamani kulikuwa na kazi mbili tofauti. Moja iliitwa *achia*." Akaachia upande wake. Kofia ikabaki mkononi mwa Mabeshi. "*Achia* inauliza kwanza: kuna mkono mwingine? Kama upo, ukurasa unabaki wa mwenyewe. Ya pili iliitwa *pokonya*." Akaichomoa kofia mkononi mwa mzee kwa nguvu, mkono ukabaki mtupu. "Haiulizi. Ilikuwa ya kurasa zilizooza tu. Sasa miaka mitatu iliyopita, ili msimbo uwe mfupi, kazi zote mbili zikaunganishwa kuwa moja, ikaitwa *tunza_nafasi*. Inauliza kama kawaida. Isipokuwa Ghala likijaa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Hapo lile swali la mikono liliachwa nje. Inachukua tu."

"Inachukua ukurasa wa mtu ambao bado anaushika."

"Ndiyo."

"Inampa nani?"

"Yeyote aliye kwenye foleni. Mwenye ukurasa hajui. Anaendelea kuusoma akidhani ni wake, kumbe ndani mmeandikwa mambo ya mwingine. Mistari hii minne inarudisha lile swali."

Mabeshi aliichukua kofia yake lakini hakuivaa.

"Ghala lilijaa lini mara ya mwisho?"

Binti alirekebisha miwani.

"Nimekuuliza."

"Juni ya mwaka jana. Msimu wa alizeti. Mizani za mikoa sita huleta uzito wa kila gunia, usiku na mchana, na..."

"Tarehe kumi na tisa?"

"Kuanzia tarehe kumi na saba, babu. Mpaka ishirini na mbili."

*

Tarehe kumi na tisa ilikuwa Jumanne. Mbuke, mke wake, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anatupa pembeni iliyopekechwa na wadudu, huku anamsema Mabeshi kwa kuacha ndoo njiani. Chini ya mtulinga alikuwa na kiongoza-moyo, kidude kidogo kama punje ya ubuyu, ambacho kila asubuhi kilisoma ukurasa wake Ghalani kujua kipige vipi. Alikuwa nacho mwaka wa nne. Katikati ya sentensi aliinua mkono, akasema, "Baba, moyo wangu unakimbia," kisha, "Umesimama," kisha ukakimbia tena. Ilichukua dakika sita. Mabeshi alizihesabu baadaye, kwa kuwa redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo na mtangazaji alianza Mbuke alipoinua mkono, akamaliza naye alipokata roho.

Wakubwa walikuja na gari jeupe. Wakasema ni betri. Wakampa hiyo betri kwenye kifuko cha nailoni na barua. Alipoipeleka kwa fundi redio sokoni, fundi akaipima mbele yake: nzima kabisa. Mabeshi akaenda ofisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kote walimsikiliza kwa heshima, na kote walimwambia kwa maneno tofauti kwamba yeye ni mtu wa pancha na haya ni mambo ya kitaalamu. Basi akaifunga ile betri kwenye taa ndogo kando ya kitanda. Ilikuwa inawaka mpaka juzi, alipoitoa akairudisha kifukoni.

Mke wake aliuawa na magunia. Moyo wake ulipewa uzito wa alizeti, gunia kwa gunia, sitini na nne, sabini na moja, hamsini na nane, na ule moyo mtiifu ukajaribu kupiga hivyo.

"Nani aliandika?" Mabeshi aliuliza. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa imekauka tu. "Huo mstari wa zamani. Nani?"

"Babu, tafadhali..."

"Mnalo daftari la mistari. Kila mstari una mwenyewe. Mlituambia siku ya kiapo mkajigamba nalo. Bonyeza."

Atuganile akabonyeza. Ukuta ukaandika kwa herufi kubwa, maana mashahidi wengi ni wazee:

*Mwandishi: N. Shekidele, Mkurugenzi wa Kiini.*

"Nilijua!" Mabeshi akapiga meza kwa kofia. "Nilijua ni wao! Wanakula, wanashiba, wanaharibu, halafu wanatuletea betri! Huyu ndiye aliyekuja na lile gari. Alinishika bega huyu. Aliniambia pole!"

"Babu, kuna mstari wa chini."

*Shahidi wa umma: Mabeshi Lugata. Kidole kimepokelewa, jaribio la nne.*

Kule nje Kuzenza alikuwa anamtania mtu mwingine.

Mabeshi aliikumbuka siku aliyoweka kidole hicho. Novemba, mvua za kwanza. Mbuke alikuwa amechemsha michembe akaitia karanga za kusaga, akamwambia awahi, ikipoa inaganda. Msomaji alikuwa kijana mmoja mwenye sauti nzuri. Alisoma majina. *Tunza nafasi*. Mabeshi alisikia neno *tunza* na akaona ni jambo jema, nani atapinga kutunza? Hakuuliza. Alikuwa na njaa. Aliweka kidole, kioo kikakataa, akaweka, kikakataa, na akakasirika kwa nini wanamchelewesha.

*

Shekidele aliingia kabla ya saa tano. Suti ya kijivu, viatu laini, uso wa mtu aliyezoea kupokea salamu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Nimeona kiraka kimesimama. Nimekuja mwenyewe." Akavuta kiti karibu, akakaa magoti yao yakikaribia kugusana. "Atuganile, tupishe."

"Akae," Mabeshi alisema.

Mkurugenzi akatabasamu. "Sawa. Mzee, najua umeona nini. Sitakudanganya. Tulilijua kosa mwezi wa tisa."

"Mwezi wa tisa." Mabeshi akakunja vidole. "Ghala lilifungua mdomo Novemba. Likafungua Februari. Leo ni Mei. Mlikuwa mnasubiri nini?"

"Mambo haya yana utaratibu."

"Utaratibu wa kutafuta shimo la kujificha!"

"Nisikilize kwanza." Shekidele akashusha sauti. "Kiraka hiki kikipita, ile mistari ya zamani inahamia faili jipya na inapata jina jipya. Daftari linahesabu upya kuanzia leo. Jina langu halitakuwepo. Na lako halitakuwepo, mzee. Hakuna mwandishi wa habari atakayekuja mlangoni kwako kukuuliza ulivyoweka kidole juu ya kifo cha mkeo. Tumepona sote."

"Na Mbuke naye amepona?"

Shekidele alitazama saa.

"Kuna wagonjwa mia tatu na arobaini wenye kidude kama cha marehemu mama. Alizeti inaanza kuingia mizani wiki mbili zijazo. Ukikataa, mlango unafungwa saa sita na haufunguliwi mpaka Agosti. Hao watu watakuwa mikononi mwako. Nakuomba kama mtoto wako. Weka kidole, twende nyumbani."

Mabeshi aliutazama ukuta. Walichofanya kilikuwa wazi sasa, na kwa namna fulani ule uwazi ndio uliomuuma zaidi. Dawa na uchafu wao wameviviringisha kwenye kidonge kimoja. Meza vyote au ufe. Aliwahi kuwaona mafundi wa namna hiyo maegeshoni. Anatoboa mpira wako kwa spoku, anaweka kiraka kikubwa kama sahani, halafu anaupaka mpira mzima rangi nyeusi usijue tundu lilikuwa wapi. Fundi wa kweli anafanya tundu moja, kiraka kimoja, anaingiza majini, anatazama mapovu. Hapo ndipo anahamia tundu la pili. Ukibandika mawili pamoja, na maji yakatoa povu, utajuaje ni lipi linavuja?

Na ndipo akamkumbuka Mbuke na ile kadi.

Kadi ya kiapo aliipata siku moja na kofia ya Ghala ambayo hakuwahi kuivaa. Herufi zake ndogo kama mayai ya siafu. Mbuke ndiye aliyemsomea, amelala chali, kadi ameiinua juu ya uso, anacheka kila ibara. *Shahidi asile wakati wa kusomewa. Shahidi asisinzie.* Kwenye ya saba aliacha kucheka. Akainuka. "Baba, hebu sikia. *Shahidi anaweza kuagiza badiliko lipasuliwe, na kila kipande kisomwe na kupokelewa peke yake.* Mume wangu, hapa wamekupa panga. Sijui kama wanajua." Na yeye akamjibu zima taa tulale.

"Ibara ya saba," Mabeshi alisema.

Shekidele akapepesa macho. "Nini?"

"Lipasuliwe. Mistari minne peke yake. Majina peke yake. Hiyo ndiyo amri yangu."

"Mzee, hiyo ibara haijatumika miaka kumi na moja."

"Kwa sababu hamkumwambia mtu."

"Haiwezekani! Kutenganisha kiraka kama hiki ni kazi ya siku mbili. Imebaki saa moja. Unataka watu wafe kwa ubishi wako?"

"Kipo tayari," Atuganile alisema.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika mgongo wake kwa mikono miwili. "Mistari minne niliiandika mwezi wa tatu, Mkurugenzi. Ilikuwa kiraka peke yake. Wewe ndiye uliyeniagiza niifungie ndani ya majina. Ile nakala ya kwanza sijaifuta."

"Atuganile. Fikiria kazi yako."

"Nimeifikiria tangu mwezi wa tatu."

"Kilete," Mabeshi alisema. "Kilete hicho cha kijani. Kisomwe chote. Siyo jina. Tumbo lake lote."

*

Atuganile aliisoma mistari minne neno kwa neno, na kila mstari Mabeshi alimsimamisha. Hapa mstari unauliza nini? Ukijibiwa kuna mkono, unafanya nini? Ghala likijaa kabisa, magunia yatawekwa wapi? Basi magunia yasubiri, babu, mizani inaambiwa irudi baadaye. Isubiri, Mabeshi alisema, alizeti haifi. Kisha akaagiza waijaribu mbele yake. Atuganile akajaza ghala la majaribio mpaka pomoni, akaliomba limnyang'anye mtu ukurasa. Likakataa. Akaliomba mara ishirini. Hakukuwa na povu hata moja.

Saa tano na dakika arobaini na sita aliweka kidole. Kioo kikakataa. Kikakataa tena. Mara ya tatu kikakataa, na Shekidele, aliyekuwa ameegemea ukuta, akatazama saa yake bila kujificha. Mabeshi akakisugua kile kidole kwenye suruali, akakipitisha juu ya pua kikapata mafuta kidogo, akakibandika kwa uzito wa bega lote kama anayebandika kiraka kwenye tairi la trela.

*Kidole kimepokelewa, jaribio la nne.*

Mistari minne ikaingia Ghalani. Watu mia tatu na arobaini walikuwa mahali fulani wanapika, wanafua, wanagombana na waume zao, na hakuna aliyejua kitu.

"Haya," Shekidele akasema haraka, na sasa alikuwa karibu mpole. "Umepata ulichotaka. Mimi na wewe hatugombani. Tumalizie kipande cha pili. Majina tu, mzee, hayana madhara."

"Hayo nakataa."

"Kwa nini? Wewe mwenyewe umeona jina *tunza_nafasi* ni la uongo. Tunalibadilisha!"

"Liacheni hivyo hivyo. Kila atakayekuja kufanya kazi humu alikute, aulize kwa nini kitu kinachopokonya kiliitwa kutunza, abonyeze, aone ni nani." Akamgeukia binti. "Shahidi akikataa inakuwaje?"

Atuganile alikuwa tayari ana kalamu ya kioo mkononi. "Anatoa sababu. Sababu inashikizwa kwenye mstari wenyewe wa zamani, haibanduki. Na mwandishi wa mstari anaisoma kwa sauti, kuthibitisha ameisikia."

"Andika."

Alisema, na Atuganile akaandika, na maneno yakapanda ukutani kwa zile herufi kubwa za wazee. Alipomaliza akatoa kile kifuko mfukoni, akakiweka mezani. Betri ikagonga mbao.

"Hiyo chukueni. Bado nzima."

Shekidele alisoma ukuta kimya, midomo imebana. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu, si ya ofisi.

"Unafaidi nini, mzee? Umewaokoa, basi. Lakini jina lako linabaki pale. Wajukuu zako watalisoma."

"Libaki. Juu yake kuna lako." Mabeshi akavaa kofia. "Soma."

"Mzee..."

"Soma! Miezi kumi na moja nimewasikiliza nyie."

Mkurugenzi akakohoa. Akasoma.

"*Mimi, Mabeshi Lugata, fundi pancha, niliweka kidole kwenye mstari huu bila kuuliza unafanya nini, kwa sababu jina lake lilikuwa zuri na chakula kilikuwa kinapoa. Aliyeuandika aliujua, na alipojua umeua alinyamaza misimu miwili. Kwa mstari huu tarehe kumi na tisa Juni alikufa mke wangu...*"

Akasimama.

"Jina lake limeandikwa hapo," Mabeshi alisema. "Herufi kubwa. Soma."